Mishale ya kaboni kwenye upinde wa asili: Kwa nini wengi hujuta baada ya kuikata

Upinde umenunuliwa, wa mbao, paundi 45, mzuri hata kuutazama tu. Mishale ya kaboni imefika kwenye boksi, 12, mipya kabisa. Siku ya kwanza uwanjani kila mshale unatoka huku unatikisa mkia kama samaki aliyetupwa mchangani, na karibu yote inaishia kushoto kwa shabaha.

Mpigaji anaanza kujilaumu. Anabadilisha mkao, anabadilisha namna ya kushika, mwisho anajifunza kulenga kulia ili apate katikati. Miezi miwili baadaye ameshalizoea kosa, na kulitoa mkononi ni kazi kuliko kulifundisha. Kumbe mkono haukuwa na shida. Mishale ilikuwa migumu mno kwa upinde ule, na ilishakatwa fupi kabla hata mmoja haujajaribiwa.

Upinde wa asili hapa ni ule usio na magurudumu wala kifaa cha kulengea. Uwe mrefu ulionyooka au wenye ncha zilizojikunja kwa mbele, mshale hukaa kwenye kiegemeo kidogo juu ya mkono na vidole ndivyo vinavyoachia ugwe. Upinde wa namna hii hauna huruma na mshale usiofaa.

Mshale lazima upinde

Wengi hudhani mshale mzuri ni ule usiopinda hata kidogo. Si kweli.

Ugwe ukiachiwa, hukimbia kuelekea katikati ya upinde. Lakini mshale haukukaa katikati. Umeegemea ubavuni mwa mpini, kwa hiyo ncha yake inatazama pembeni kidogo. Juu ya hapo, vidole vinapoachia husukuma ugwe upande. Mshale unasukumwa kwa nguvu kutoka nyuma wakati ncha nzito mbele bado haijataka kwenda. Unachofanya ni kupinda katikati, kuuzunguka mpini, kisha kupinda upande wa pili, na kuendelea kuyumba hivyo hadi manyoya yautulize.

Robert P. Elmer, daktari wa Marekani aliyeandika sana kuhusu pinde, ndiye aliyelipa jambo hili jina la kitendawili cha mpiga mshale. Katika miaka ya 1930 mwanafizikia Clarence Hickman alilipiga picha kwa kamera ya kasi, na watu wakaona wazi kile ambacho jicho haliwezi kukiona: mshale ukijikunja kama nyoka kuupita upinde.

Ukiwa mgumu kupita kiasi, haupindi vya kutosha kuuzunguka mpini. Unaugonga na kutupwa kushoto, kwa anayetumia mkono wa kulia. Ukiwa laini kupita kiasi, unapinda mno na kwenda kulia. Anayetumia mkono wa kushoto ageuze pande hizo.

Namba iliyoandikwa ubavuni

Kila wano la kaboni, yaani ule uti wa mshale, lina namba kama 400, 500 au 600. Mafundi huiita spaini. Namba hiyo haikutoka hewani. Wano huwekwa juu ya nguzo mbili zilizoachana inchi 28, katikati linaning'inizwa uzito wa paundi 1.94, sawa na gramu 880, kisha inapimwa limebonyea kiasi gani. Likibonyea nusu inchi, yaani inchi 0.500, linaandikwa 500.

Kwa hiyo namba kubwa ni wano laini, na namba ndogo ni wano gumu. Wageni wengi hapa ndipo wanapogeuza mambo. Wanaona 400 na 600, wanadhani 600 ndiyo ya upinde wenye nguvu zaidi. Wanaochanganyikiwa zaidi ni waliotoka kwenye mishale ya mbao, kwa sababu mbao hupimwa kwa kipimo kingine: nguzo zilizoachana inchi 26, uzito wa paundi 2, na jibu huandikwa kwa paundi. Huko namba ikipanda, ugumu nao unapanda.

Tena hiyo ni hali ya wano likiwa limelala mezani. Likiwa kwenye upinde, tabia yake hubadilika. Wano refu hufanya kama laini zaidi, fupi kama gumu zaidi. Ncha nzito hulilainisha, ncha nyepesi hulikaza. Wano moja la 500 linaweza kuwa gumu mno kwa mtu mmoja na laini mno kwa jirani yake.

Mbao ilikuwa na nafuu yake. Mtu anayetengeneza mishale ya mti, kama Wahadzabe wa eneo la Ziwa Eyasi nchini Tanzania, hunyoosha kijiti chake kwa moto na meno, na akitaka kukipunguza hukikwangua kwa kisu. Bomba la kaboni halikwanguliki. Ukilikwangua umekata nyuzi zinazolishikilia, na umeshaliharibu. Mwenye kaboni anabaki na njia mbili tu za kuubadilisha mshale wenyewe: urefu, na uzito wa mbele. Urefu ukishaupunguza, haurudi.

Ndiyo maana kukata ni hatua ya mwisho. Wengi wanaianza nayo.

Mambo ya kujua kabla ya kutoa hela

La kwanza ni nguvu halisi ya upinde mikononi mwa mtu huyo. Paundi zilizoandikwa kwenye upinde hupimwa ukivutwa inchi 28. Mtu mfupi anayevuta inchi 26 hapati paundi hizo zote. Kila inchi moja huleta tofauti ya paundi 2 hadi 3, kwa hiyo upinde wa paundi 45 mikononi mwake ni kama wa paundi 40. Mizani ya kuning'iniza, ile ya ndoano wanayopimia samaki sokoni, inatosha kupata jibu. Anavuta hadi pale anapovutaga kila siku, mwenzake anasoma.

Urefu wa kuvuta nao upimwe mtu akiwa ameshapasha mwili, si akiwa baridi dukani. Wanaoanza huongeza inchi moja nzima mgongo unapojifunza kazi. Sababu nyingine hiyo ya kutokata mapema.

Kisha kuna umbo la mpini. Pinde nyingi za kisasa zenye ncha zilizojikunja zimechongwa ubavuni hadi mshale ukae karibu na mstari wa katikati. Huko mshale hauna safari kubwa ya kuzunguka, kwa hiyo unaweza kuwa mgumu kidogo. Upinde mrefu wa kipande kimoja cha mti, ambao haukuchongwa kabisa, unautaka mshale laini zaidi, maana lazima uzunguke unene wote wa mpini. Pinde mbili za paundi 45, moja ya namna hii na nyingine ya namna ile, hazili mshale mmoja.

Ugwe nao unahesabika. Ugwe wa Dacron hunyumbuka, hivyo unapoteza nguvu kidogo. Nyuzi mpya zisizonyumbuka hupeleka nguvu zaidi kwenye mshale, nao unafanya kama umelainika. Tahadhari: pinde za zamani nyingi hazikutengenezwa kwa nyuzi hizo, na ncha zake zinaweza kupasuka.

Majedwali ya viwandani yapo, na yanasaidia kuanzia. Ila mengi yameandikwa kwa kufikiria pinde za magurudumu, ndiyo maana mwenye upinde wa asili akiyafuata neno kwa neno mara nyingi anaishia na mshale mgumu kupita kiasi. Kwa upinde wa paundi 40 hadi 45 uliochongwa karibu na katikati, kwa kawaida mtu huanza kujaribu kati ya 600 na 500, mawano yakiwa marefu yalivyotoka kiwandani. Kuanza tu, siyo kumaliza.

Njia ya busara, hasa Afrika Mashariki ambako vifaa vingi hivi huagizwa kutoka nje na kurudisha mzigo ni shughuli, ni kutonunua 12 kwa mpigo. Mawano mawili au matatu ya kila namba, na ncha za uzito tofauti, vinagharimu kidogo kuliko dazeni nzima isiyofaa.

Uzito: wepesi una gharama yake

Kaboni inasifiwa kwa wepesi, na hapo kuna mtego. Uzito wa mishale hupimwa kwa greni. Greni moja ni karibu gramu 0.065. Kwa pinde za asili wengi hutaka greni 8 hadi 10 kwa kila paundi ya upinde. Upinde wa paundi 45 basi unataka mshale wa greni 360 hadi 450, yaani gramu 23 hadi 29.

Mshale ukiwa mwepesi sana, nguvu ambayo ungeibeba inabaki kwenye upinde na kuutikisa. Kwa upinde, hali hiyo inakaribia kuachia ugwe mtupu bila mshale, jambo ambalo hupasua upinde. Watengenezaji wengi huandika uzito wa chini wanaoukubali, na dhamana hufa mtu akiuvuka.

Hesabu yenyewe si ngumu. Chukua wano la inchi 29 lenye greni 8 kwa kila inchi: greni 232. Kipachiko kinachopokea ncha, 15. Noki, ile plastiki ya nyuma inayong'ata ugwe, 8. Manyoya matatu, 12. Ukiweka ncha ya greni 100, jumla ni 367. Ukiweka ya 175, ni 442. Kwa upinde wa paundi 45, wa kwanza una greni 8.2 kwa paundi, wa pili 9.8. Yote inapita, ila wa kwanza umesimama mlangoni.

Ncha nzito huleta faida nyingine: mizani ya mshale inasogea mbele. Katika mfano huo, ncha ya 100 inaweka kitovu cha uzito mbele ya katikati kwa karibu asilimia 14 ya urefu wa wano, na ncha ya 175 kwa asilimia 20 hivi. Mshale wenye kichwa kizito hutulia mapema. Ubaya wake ni kwamba ukienda mbali hushuka haraka zaidi.

Manyoya, siyo plastiki

Hapa hakuna mjadala mrefu. Kwenye upinde wa asili mshale unapita ukigusa kiegemeo. Unyoya hulala, hupita, husimama tena. Bawa la plastiki haliwezi. Linagonga na kuurusha mshale pembeni. Manyoya matatu ya inchi 4 au 5 yanatosha, yote yatoke bawa la upande mmoja la ndege, ama kushoto ama kulia, bila kuchanganya. Mvua ndiyo adui yake.

Jaribio la mshale usio na manyoya

Sasa kazi yenyewe. Manyoya hurekebisha makosa, maana yake pia huyaficha. Mshale usio nayo hausemi uongo. Mpigaji huandaa mishale mitatu yenye manyoya na mitatu isiyo nayo, wano lilelile, ncha ileile, kisha huilinganisha inapoangukia.

Aanzie karibu, mita 5 hadi 7, mbele ya shabaha laini na kubwa. Mshale uchi unaweza kuingia kiubavu na kuvunjika, kwa hiyo asikimbilie mita 20 siku ya kwanza. Ikianza kuingia imenyooka, anarudi nyuma taratibu hadi mita 15 au zaidi.

Cha kwanza kurekebisha ni juu na chini, na watu wengi hukiruka. Kwenye ugwe kuna alama inayoonyesha noki ikae wapi. Kwa anayepigia kwenye kiegemeo, mahali pazuri pa kuanzia ni milimita 12 hadi 16 juu ya mstari mnyoofu unaotoka kwenye kiegemeo. Mishale uchi ikianguka chini ya ile yenye manyoya, alama iko juu mno, ishushwe. Ikienda juu, alama iko chini, ipandishwe.

Kuna ujanja mmoja hapo. Alama ikiwa chini sana, mkia wa mshale hugonga kiegemeo na kuruka juu, na mtu anasoma kinyume. Anazidi kuishusha, mambo yanazidi kuharibika. Ndiyo sababu ni salama kuanzia juu kidogo kisha kushuka nusu milimita, milimita moja.

Juu na chini kukishatulia, ndipo unasoma kushoto na kulia. Kwa mkono wa kulia, mishale uchi ikikaa kushoto kwa mingine, wano ni gumu. Dawa ni ncha nzito zaidi, au kupunguza unene wa kibandiko cha ubavuni mwa mpini ambapo mshale unaegemea. Ikikaa kulia, wano ni laini. Hapo kuna ncha nyepesi zaidi, kibandiko kinene zaidi, na mwisho kabisa kukata.

Mahali mshale ulipoangukia pana ukweli kuliko jinsi ulivyosimama. Wano lililoinama ndani ya shabaha linaweza kuwa limeinamishwa na shabaha yenyewe, hasa ikiwa imechakaa.

Na kitu kimoja kwa wakati mmoja. Akibadilisha ncha, asiguse ugwe. Akigusa kimo cha ugwe, yaani nafasi kati ya mpini na ugwe upinde ukiwa haujavutwa, aache ncha kama ilivyo. Kimo hicho kinyooke kwanza, kwa kipimo cha mtengenezaji, halafu kiandikwe mahali, kwa sababu ugwe mpya hurefuka na kukibadilisha kimyakimya.

Mkono uliochoka nao hutoa majibu ya uongo. Vidole vikiburuta ugwe, mshale mzuri utaonekana mbovu. Mshale mmoja si ushahidi. Seti tatu za siku mbili tofauti zikisema kitu kimoja, hapo kuna la kuamini. Ikiwa mishale uchi inatawanyika kila upande bila mpangilio, wano halina hatia. Kuachia kwenyewe kunahitaji mazoezi kwanza.

Ikibidi kukata

Mtu aliyefika hapa na mshale bado ni laini, akate milimita 6 tu, apige tena. Wano moja la majaribio likipata urefu wake, ndipo mengine yafuate. Kama kipachiko kimeshagundishwa mbele, anakata nyuma, maana noki nyingi huingizwa kwa kubana tu na hutoka kwa mkono.

Msumeno wa chuma wa kawaida unachana nyuzi, na kile kikata bomba cha fundi bomba kinaliponda wano. Kinachofaa ni gurudumu la kusaga linalozunguka kwa kasi. Vumbi lake ni baya kwa mapafu na macho, kwa hiyo barakoa na miwani vivaliwe, kazi ifanyike nje. Gundi ya moto isiyohitaji joto kali ndiyo ya kutumia, na moto ulengwe kwenye chuma cha ncha, usiguse kaboni. Joto kali huua gundi inayozishika nyuzi, na nje wano linabaki linang'aa kama jipya.

Kuna kipimo kisichovukwa hata kama mshale bado ni laini: upinde ukiwa umevutwa hadi mwisho, angalau inchi moja ya wano ibaki mbele ya mpini. Mshale mfupi ukirudi nyuma ya kiegemeo na ugwe ukaachiwa, ncha yake iko usawa wa mkono ulioshika upinde. Aliyefika kwenye kikomo hicho anunue namba ngumu zaidi.

Kaboni haivunjiki kama mbao

Mbao iliyopasuka huonekana. Kaboni inaweza kuwa na ufa usioonekana, kisha ikapasuka wakati wa kuachiwa na kuwa vibanzi vyembamba vinavyoingia kwenye mkono unaoshika upinde. Majeraha ya namna hiyo huishia chumba cha upasuaji, kwa sababu vibanzi ni vingi, vidogo, na vigumu kuvitafuta.

Ukaguzi unachukua sekunde chache. Wano linakunjwa kidogo mbali na uso huku likizungushwa, kisha pande zote za upinde huo wa mkono zinasikilizwa: likilia kama kijiti kikavu, limekwisha. Baadaye pamba inapitishwa kutoka mwanzo hadi mwisho. Ikinasa nyuzi mahali, wano hilo limekwisha pia. Hufanywa kabla ya kupiga, na hurudiwa kila mshale unapogonga jiwe, mti, au mshale mwenzake.

Wano lililokutwa na ufa halirekebishwi kwa gundi wala halifungwi uzi. Livunjwe vipande viwili hapohapo, kwa glavu, ili mtoto au mgeni asije akaliokota na kuliweka tena kwenye ugwe.